Dakika Mia Tano kwa Timu ya Viziwi

Watu wanaponiuliza kwa nini Nyagai alikataa kuingia chumba cha upasuaji siku ile, wengi huuliza kwa sauti ya kumlaumu, na mimi huwajibu vibaya. Nawaambia waende wakamuulize Bwana Bol. Nyagai ni fundi cherehani wa mtaa wa Hai Mauna, ana miaka ishirini na tisa, ni kiziwi, na siku ile alijua anachokifanya kuliko sisi wote tuliokuwa tumesimama pale tukipayuka.

Mimi ni Christabel, mwalimu kutoka Mumias, na huu ni mwaka wangu wa kumi na moja hapa Juba. Nilikuja kwa mkataba wa mwaka mmoja kufundisha watoto viziwi. Mradi ukafungwa, waliouleta wakapanda ndege, mimi nikabaki kwa sababu nilikuwa nimeshajuana na watu. Tangu hapo nimekuwa mkalimani wa lugha ya ishara wa kila mtu: polisi, benki, kanisani, hata kwenye posa. Viziwi hawana haja na jina ulilopewa na mama yako. Wanakutazama siku mbili tatu, kisha wanakupa lao. Langu ni vidole viwili katikati ya nyusi, pale ninapokunja uso. Sijaona sababu ya kulikana.

Nyagai aliacha kusikia akiwa na miaka minne, kwa homa ya uti wa mgongo. Mama yake alimbeba hadi kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, na huko akakaa miaka mingi bila lugha yoyote, akionyeshwa kidole tu: kula, lala, ondoka hapo. Alipofika miaka kumi na moja akaingizwa darasa la viziwi la shule ya kambi, kwa mwalimu Mkenya, na ndani ya mwaka mmoja akawa anaongea kwa mikono kama waliozaliwa na lugha hiyo. Sentensi ya kwanza ndefu aliyoisema nyumbani kwao ilikuwa ya mashtaka. Alikwenda na mwanafunzi mwenzake wa kumtafsiria, akamwambia kaka yake kwamba alikuwa anajua, tangu zamani, nani anayekunywa maziwa yake.

Kwenye darasa hilo alikuwamo Tut, aliyezaliwa kiziwi, mrefu hata kwa watu wa kwao. Walioana waliporudi Juba. Sasa wana nyumba ya vyumba viwili mtaa wa Gudele na kibanda kimoja Hai Mauna, nusu ya Tut ya useremala, nusu ya Nyagai ya kushona sare za shule. Wateja hukubaliana naye bei kwa kikokotoo. Akishona huweka kiganja cha kushoto juu ya mwili wa cherehani, na mashine ikianza kuharibika yeye hujua kabla ya fundi mwenye masikio mazima. Nimeona mafundi wa jirani wakimletea mashine zao azishike tu awaambie.

Kuna jambo moja la viziwi ambalo ni lazima ulijue, maana kila kitu kilichotokea kinatoka hapo. Kiziwi akizungumzishwa na mtu asiyejua ishara, huitikia kwa kichwa. Mtu anapayuka, mdomo unafunguka na kufumba, mate yanaruka, na kiziwi anaitikia, ndiyo, ndiyo, ili aachwe aende zake. Haina maana ya kukubali. Ni njia ya kumfunga mtu mdomo bila kumkosea adabu. Wamefundishwa hivyo na sisi, kwa sababu asiyeitikia hupigiwa kelele zaidi. Tut huitikia hivyo kwa wateja, kwa askari wa barabarani, kwa mchungaji.

Nyagai naye alikuwa akifanya hivyo. Miaka mitatu iliyopita, Tut akiwa kazini mji wa Bor akijenga mapaa, alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza kabla ya wakati. Alikwenda peke yake katika hospitali fulani, sitaitaja. Muuguzi akamwambia mambo. Nyagai akaitikia. Wakaandika kwamba mgonjwa amekubali, wakamlaza usingizi, na alipoamka tumbo lilikuwa limekwisha na mtoto haonekani. Kwa siku mbili alimuuliza kila aliyepita, kwa mikono, mtoto wangu yuko wapi, na wao walimpa maji ya kunywa. Mimi nilifika siku ya tatu. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba mtoto alikuwa amefia tumboni na wameshamzika. Aliniuliza kama nina uhakika, nikasema ndiyo, akaniuliza tena. 

Kwa hiyo alipopata mimba ya pili, yeye na Tut waliwekeana ahadi mbele yangu. Hakuna mtu atakayemlaza Nyagai tena kabla hajaonana na Tut ana kwa ana, na atakapoamka, wa kumpa habari ya mtoto atakuwa Tut. Habari njema au mbaya, itatoka kwenye mikono ya Tut.

Ndipo likaja suala la mashindano ya kandanda ya viziwi Kampala. Tut ni kipa na nahodha. Mimba ilikuwa ya miezi minane, na Tut alitaka kujitoa. Nyagai alikataa. Jezi zote za timu alizishona yeye, na ile namba moja ya mgongoni mwa Tut aliifumua na kuishona mara mbili mpaka ikakaa sawa. Walikubaliana aende, ila wataonana kwa simu ya video kila asubuhi na kila jioni, na kukiwa na jambo, wakati wowote. Nilisimama kama shahidi. Nilidhani hilo ni jambo dogo katika dunia ya leo.

Bwana Bol ndiye mkuu wa msafara. Alikulia Nairobi, ana maneno mazuri, na viziwi wamempa jina la mkono uliowekwa sikioni, kwa sababu hawajawahi kumwona bila simu. Wiki moja kabla ya safari alituita kwenye ofisi ya chama cha michezo ya viziwi pale Buluk. Akatangaza kwa furaha kubwa kwamba mfadhili amepatikana, na kila mchezaji atasafiri na dakika mia tano za kupiga simu, zinazofanya kazi Uganda, Kenya, mpaka Rwanda. Nikatafsiri. Vijana kumi na wanane wakanitazama mikono, kisha wakatazamana, kisha wakacheka mpaka mmoja akaanguka kwenye kiti. Walidhani nimewatania.

Sikuwa nimetania. Niliinuka nikamuuliza Bwana Bol kiziwi atazifanyia nini dakika za kuongea. Akasema mfadhili ndicho alichotoa, na zawadi haikataliwi. Nikamwambia watu hawa wanahitaji data, si dakika. Mikono haipiti kwenye simu ya sauti. Bando la data la hapa likivuka mpaka linakufa, na ukiwasha data ya laini ya Juba ukiwa ng'ambo, salio lote linamezwa kabla picha haijafunguka. Wanunuliwe laini za Uganda, moja kwa kila chumba, basi. Akanijibu kwamba hilo watalipanga wakifika. Nikauliza na mkalimani je? Akasema nafasi zimejaa, kocha anajua ishara za kutosha. Kocha anajua "mpira", "kimbia" na "chakula". Kiti changu kwenye basi kilipewa afisa itifaki, na hadi leo sijui itifaki gani ilihitajika kwenye bweni la shule.

Waliondoka asubuhi ya Jumatano. Tut, kwa wasiwasi, akasahau glavu zake nyumbani. Nilimpigia dereva wa basi, Mganda mmoja aitwaye Lubega, namba yake ilikuwa kwenye tiketi, nikamwomba asubiri. Akasubiri dakika ishirini nzima, abiria wakimtukana, mpaka nikafika na bodaboda na hizo glavu. Kumbuka jina lake, kwa sababu mimi nililisahau.

Kampala, viongozi walilala hotelini kwenye mtandao wa bure. Wachezaji walilazwa kwenye bweni la shule lisilo na mtandao wowote. Tut akaenda dukani kununua laini, akaambiwa alete pasipoti. Pasipoti zote zilikuwa kwenye begi la Bwana Bol, alizikusanya mpakani Nimule ili zisipotee. Tut akamwandikia kwenye karatasi kwamba anaiomba. Bol akasema kesho. Hayo tuliyajua vizuri baadaye; siku zile ujumbe mfupi tu ndio uliofika: "Pasipoti Bol. Kesho." Siku ya pili, "Bol kesho." Siku ya tatu, "Kesho."

Mtu atasema, basi si wangeandikiana? Nimechoka na swali hilo. Nyagai alianza kuona maandishi akiwa na miaka kumi na moja, ya lugha ambayo hajawahi kuisikia. Ataandika "mimi mzuri", ataandika "kula wewe?" Habari za miguu iliyovimba, kichwa kinachogonga, na hofu inayomwamsha alfajiri, hizo anazo mikononi. Alikaa na simu yenye bando jipya, imejaa chaji, akiwasha na kuzima kioo. Kila asubuhi alivaa kitambaa kile cha kijani anachokipenda Tut, na kila jioni akakivua.

Jumatatu alikuja kwangu kabla sijanywa chai. Akaniambia anaona vimulimuli. Nilimpeleka hospitalini. Daktari, mama mmoja aitwaye Ketty asiyepoteza maneno, alimpima presha mara tatu na kila mara uso wake ukazidi kukaza. Akanieleza na mimi nikamweleza Nyagai, neno kwa neno, bila kupunguza: presha imepanda vibaya, dawa haziishushi vya kutosha, mtoto bado mzima, lakini wakikawia anaweza kushikwa na degedege akafa yeye na mtoto. Chumba cha upasuaji kinaandaliwa. Saa nane mchana aingie.

Wakati huo ilikuwa saa tano na nusu.

Nyagai alielewa yote. Akauliza maswali yake, akajibiwa, kisha akasema, "Nitakubali. Lakini Tut kwanza."

Muuguzi alikuwa ameshamtundikia dripu mkono wa kulia na kuufunga mkono huo kwenye kibao kwa plasta. Mkono wa kulia ndio Nyagai anaoongea nao. Nilimuuliza huyo muuguzi kama yeye angependa kuzibwa mdomo kwa plasta kisha aanze kuulizwa maswali. Tukabishana, daktari akaja, dripu ikahamishiwa kushoto. Naomba msamaha kwa ukali wangu, ila si sana.

Nikamtumia Tut ujumbe, hakuna jibu. Siku hiyo ilikuwa ya nusu fainali, na Bwana Bol alikuwa amekusanya simu za wachezaji wote tangu asubuhi, ati wasipoteze umakini. Nikampigia yeye. Mara ya nne ndipo akapokea. Nikamweleza kila kitu, polepole kama kwa mtoto: mke wa Tut anapasuliwa saa nane, anataka kumwona Tut kwa video, nipe dakika tano za simu yako. Akasema data ya simu yake ni kidogo na ni ya kazi ya ofisi. Akasema lakini nisiwe na wasiwasi, Tut yuko hapo karibu, atamuuliza mwenyewe.

Nilisikia hatua, nikasikia upepo, nikasikia Bol akipaza sauti kwa Kiingereza na kisha kwa Kiarabu cha Juba, kana kwamba tatizo la Tut ni lugha. Kisha akarudi.

"Mwalimu, hiyo maneno nimemaliza. Nimemwekea simu kwa sikio, nimemuuliza kama anakubali, ameitikia vizuri kabisa. Amekubali. Kalas, imekwisha."

Simu yangu ilikuwa kwenye spika. Karani wa mapokezi, aliyekuwa ameshika fomu akingoja, akaandika hapo hapo: mume amekubali kwa simu. Fomu ya ofisi yao ina mahali pa mume kukubali. Akanigeuzia kalamu ili nimpe mgonjwa atie alama.

Nyagai alikuwa anatutazama. Aliniuliza Tut amesema nini. Ningeweza kumdanganya, na nakiri kwamba kwa sekunde moja nilifikiri, sema tu ndiyo, aingie, apone. Lakini mikono yangu haikukubali. Nikamwambia ukweli: Bol alimwekea Tut simu sikioni, akapiga kelele, na Tut akaitikia kwa kichwa.

Aliweka mikono juu ya tumbo. Kisha akasema, "Hata mimi niliitikia. Ile siku."

Akalaza kichwa chake kwenye mto, akakibana hapo. Daktari alizungumza naye, mimi nikatafsiri. Karani alizungumza, nikatafsiri. Wifi wa mgonjwa wa kitanda cha jirani naye akaingilia, yeye sikumtafsiria. Kichwa cha Nyagai hakikusogea hata kidogo, si kwa ndiyo si kwa hapana. Karani akasema huyu ana kiburi, na mimi nikamwambia karani maneno ambayo siyarudii hapa kwa kuwa naimba kwaya.

Saa saba na nusu nilikuwa nimempigia Bol mara kumi na tisa. Ndipo simu ya Nyagai ikatetemeka. Ukurasa wa chama ulikuwa unarusha matangazo ya moja kwa moja kutoka kiwanjani, na mwenye kurusha alikuwa Bwana Bol kwa simu yake ile ile yenye data kidogo. Uso wake ulijaa kioo kizima. Anasalimia wapenzi wa michezo, anamshukuru mfadhili, anashukuru chama, anajigeuza ili jua limpige vizuri. Na nyuma ya bega lake la kushoto, mdogo kama kidole, Tut alikuwa anapasha mwili langoni.

Nyagai akaishika simu kwa mikono miwili. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwona mumewe tangu Jumatano. Akaanza kumwita. Alipunga mkono, akapunga tena, akasema jina lake la ishara, akasema nitazame, nitazame, kwa mtu ambaye hakuwa na njia ya kumwona. Ndipo machozi yakamtoka. Mimi nilikuwa na hasira ya kuweza kuvunja ukuta. Data ilikuwapo. Ilivuka mpaka, ilifika hadi Juba, hadi kitandani pa mgonjwa, na ilikuwa imebeba meno ya Bwana Bol.

Niliandika chini ya matangazo hayo kwamba mke wa kipa anakufa, geuza simu. Viziwi wenzetu wa hapa Juba wakaanza kuandika vilevile, mmoja baada ya mwingine, makumi, kwa sarufi zao. Bol akasoma mawili, akakunja uso, akaendelea. Kisha kamera ikazunguka kuonyesha basi lililowaleta, limeegeshwa nje ya uzio, na mtu amekaa kwenye ngazi yake anakula.

Lubega. Mganda, mwenye laini ya Uganda, mwenye data yake mwenyewe, niliyekuwa na namba yake tangu siku ya glavu. Nilipoteza saa mbili kwa mtu mwenye cheo na sikumkumbuka dereva. Hilo ni kosa langu na nimelibeba.

Akapokea mara moja. "Madam, mimi iko hapa nje ya kiwanja." Nikamweleza kwa sentensi mbili. Hakuuliza swali. Akasema, "Sawa, mimi naingia," na nikasikia anatema alichokuwa anatafuna. Mlangoni askari akamzuia, naye akamwambia kipa amesahau glavu.

Saa nane kasoro dakika kumi, kioo kikafunguka na Tut akawa mbele yetu, jasho linamtiririka. Lubega alikuwa ameishika simu kwa mikono yote miwili mbali na kifua chake, ili mikono ya Tut iwe huru. Hakuna aliyemfundisha. Mimi nikaishika yangu mbele ya Nyagai vilevile.

Tut aliuliza kuna nini. Nyagai akamwambia, kwa mkono mmoja, haraka, kila kitu. Alipofika kwenye habari ya simu ya sikioni, Tut akajipiga paji la uso kwa kiganja. Hakujua. Alimwona Bol anapayuka, akaitikia ili aondoke. Nyagai akasema, "Najua. Ndiyo maana nimekataa." Na akacheka, na presha ile yote, akacheka.

Tut akamuuliza mtoto yuko hai? Yuko hai, nimeona moyo wake kwenye mashine. Nani alikueleza? Christabel. Unaogopa? Ndiyo. Unataka wakupasue? Nyagai akasema anataka. Kisha akamwambia, "Nikiamka, uwe hapo wewe."

Tut akageuka kutazama uwanja, ambako mwamuzi alikuwa ameshatoka na kibendera chake, maana mechi za viziwi hazina filimbi. Akavua glavu. Akampa kipa wa akiba. Akapanda ndani ya basi la Lubega, akakaa kiti cha mbele, simu ikachomekwa kwenye chaja ya gari. Nyagai akanyoosha mkono, akachukua ile fomu, akafuta kwa mstari maneno ya mume amekubali kwa simu, na mahali pa jina akaandika lake mwenyewe, herufi moja moja. Karani alifungua mdomo. Daktari Ketty akamwambia aufunge.

Walimtoa saa tisa na robo. Mtoto wa kike, mdogo, mwenye kelele. Mimi nilimwona kwanza, na Tut akamwona kupitia simu yangu. Ilipokaribia saa kumi na moja Nyagai akaanza kufumbua macho. Muuguzi, yule yule wa plasta, akainama kumpongeza. Nikamshika bega nikamrudisha nyuma. Nikaiweka simu mahali ambapo jicho la kwanza litafika. Tut alikuwa bado amekaa kwenye kile kiti cha basi, jezi ya namba moja imekauka jasho. Mbele yake Lubega alikuwa bado ameishika simu, mikono imenyooka.

Tut akamwambia: "Yupo. Msichana. Mzima. Geuza kichwa kushoto."

Nyagai akageuza kichwa.

Timu ilifungwa tatu kwa moja. Jioni hiyo hiyo ukurasa wa chama uliandika kwamba tumetolewa kwa sababu ya utovu wa nidhamu wa mchezaji mmoja aliyeacha lango kwa ajili ya simu. Nilisoma mara mbili, nikazima simu kabla sijaandika jambo la kunipeleka polisi.

Wiki moja na nusu baadaye Bwana Bol alikuja Gudele. Tulikuwa uani. Ndugu wa pande zote mbili walikuwa wametoka kuondoka, baada ya kushinda asubuhi nzima wakipiga makofi nyuma ya kichwa cha mtoto kuona kama anasikia, mpaka Nyagai akawanyang'anya mtoto wake. Bol alileta sukari, katoni ya sabuni, na uso wa mtu aliyesemwa na wakubwa wake. Nadhani aibu ilikuwa ya kweli. Mimi simchukii. Ni mjinga tu mwenye simu nzuri, na wa aina hiyo wamejaa.

Alikaa, akanigeukia mimi, mgongo nusu kwa Tut. "Mwalimu, mwambie malesh, samahani. Sikujua mambo yatafika pale. Mwambie tumetoka mbali, tusahau."

Nikaiweka mikono yangu kwapani.

Bol alingoja. Alipoona sitafsiri, akamgeukia Tut mwenyewe, akapaza sauti, akafungua mdomo mpana kwa kila neno, malesh, malesh sana, akauliza anaelewa? Na akaanza yeye mwenyewe kuitikia kwa kichwa, ili Tut amfuate.

Tut alimtazama. Mtu aliyeitikia maisha yake yote, kwa wateja, kwa askari, kwa mchungaji, aliacha kichwa chake mahali kilipo.  Nyagai akamhamishia mtoto mkono wa kushoto, akakunja ngumi ya kulia, akaiweka kifuani na kuizungusha taratibu, mara moja, mara mbili. Ndivyo viziwi wanavyoomba msamaha, na mtoto wa chekechea hujifunza siku ya kwanza. Kisha akaunyooshea kidole mkono wa Bol.

Bol akacheka kidogo. Akatoa simu mfukoni, akaitazama, hakuna aliyekuwa anampigia. Akaishika hivyo hivyo mkononi, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni lazima.

Nikamwambia aiweke chini kwanza, maana mkono mmoja atauhitaji, na kwamba sisi tunangoja.